Nzuri Tu, Ila Kiyoyozi Kimekufa

Niitaje aibu yenyewe kwanza, ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane: mimi, mtu mzima, baba wa mtoto, ninayekaa viti vya mbele kanisani, nimewahi kumuuliza mama mkwe wangu kwa sauti, mbele ya watu kumi na wanane, mara ya mwisho alikwenda haja ndogo saa ngapi. Na kwa kuwa hakunisikia vizuri, nikarudia. Kwetu sisi Warundi (hata sisi tuliokulia kambini Kigoma, tuliohama na mila zetu kama tulivyohama na sufuria) mkwe na mama mkwe hupishana wameinamisha macho, hawali sahani moja, na chumba chake hukikanyagi hata nyumba ikishika moto. Basi, ikishika moto labda. Lakini swali kama lile halina moto wa kulisamehe, na mimi nililiuliza, na kilichonifikisha pale ni kiyoyozi, au niseme ukweli mzima, ni maneno mawili niliyomjibu dada mmoja wa ofisi ya wakala wa nyumba mlangoni pangu mwezi wa kumi na moja.

Tunakaa Westmead, ghorofa ya tatu ambayo ndiyo ya mwisho juu, fleti ya vyumba viwili, na ukumbi wake umeelekea magharibi, kwa hiyo jua la Sydney likishatuchoma kutoka darini asubuhi linarudi kutumalizia mchana kupitia kioo cha baraza. Mke wangu Esperansi, ambaye wengi wanamwita Mama Gloria, anafanya kazi ya jikoni hospitali, anakwenda kwa miguu. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulea wazee upande wa Parramatta. Gloria mwenyewe ana miaka sita, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu anakijibu kwa Kiingereza. Na mama mkwe wangu, mama yake Esperansi, alitufuata kutoka kambini miaka miwili iliyopita, analala chumba kimoja na mjukuu wake, na mchana anakaa ukumbini kwenye kiti chake cha karibu na baraza, anashona vitambaa. Kiyoyozi ni kimoja tu nyumba nzima, kiko ukutani juu ya televisheni, tulikikuta pale siku tuliyokabidhiwa funguo.

Sasa, msinione mjinga. Sheria ya mambo hayo nilikuwa naijua, na ndiyo inayoniuma. Niliwahi kuhudhuria semina ya wapangaji kwenye kituo cha jamii, nikarudi na karatasi, na Jumapili iliyofuata baada ya ibada nikaomba dakika kumi (nikatumia arobaini) kuwaelimisha wenzangu. Nikawaambia hivi: kiyoyozi mlichokikuta ndani ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba, kikiharibika bila kosa lenu kukitengeneza ni juu yake, si juu yenu, ninyi kazi yenu ni kusafisha chujio na kutoa taarifa. Na taarifa yenyewe itolewe vipi? Nikanyoosha kidole juu. Kwa maandishi! Nikawafanya waitikie, "Kwa maandishi!", hata wazee wakaitikia, na tangu siku hiyo wengine wakaanza kuniita Wakili, nami sikuwakataza.

Basi kiyoyozi cha Wakili kikafa. Kilianza kwa kudondosha maji, tukaweka beseni, kisha kikawa kinapuliza hewa ya vuguvugu kama pumzi ya mtu, kisha siku moja ukibonyeza rimoti kinatoa mlio mmoja na kunyamaza. Nilisafisha chujio, nikalikausha, nikalirudisha, wapi. Sikuhangaika sana kwa sababu wiki ile ile wakala alikuwa ametuandikia kwamba anakuja kufanya ukaguzi, nikasema vizuri, nitamwambia ana kwa ana, kama watu.

Akaja. Dada mdogo, Melissa, mwenye adabu, tableti mkononi. Esperansi alikuwa kazini. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, akamsalimia kwa Kirundi kwa mikono miwili, yule dada akafurahi. Akachungulia bafu, akachungulia jiko, akapiga picha mbili tatu, kisha akasimama mlangoni akaniuliza nyumba inaendeleaje, kila kitu kiko vipi.

Nikamjibu, "All good."

Hayo ndiyo maneno mawili. Watu wa huku wanayasema kutwa, maana yake kila kitu kiko sawa. Nami niliyasema kwa sababu nimeulizwa habari, na mtu akikuuliza habari unasema nzuri. Ninyi mnanielewa. Kwetu hata mtu aliyetoka kuzika ukimuuliza habari za siku nyingi atakwambia nzuri, nzuri tu, halafu akishavuta pumzi atasema, ila tumefiwa na baba. Ile "nzuri" si jibu, ni kufungua mlango. Jibu liko nyuma yake, kwenye "ila", na anayeuliza anajua, kwa hiyo anasubiri, anaongeza: na watoto? na nyumbani? na wewe mwenyewe? Mimi nilikuwa nimejipanga kabisa. Nilisema akiniongezea swali moja tu, moja, naingia na ila yangu: ila kiyoyozi kimekufa na tuna mtu mzima humu ndani.

Melissa akaandika kwenye tableti, akasema vizuri sana, akanitakia siku njema, akashuka ngazi. Nikabaki nimeshika kitasa cha mlango na ila yangu mdomoni.

Mtaniuliza, kwa nini hukumkimbilia? Kwa nini hukumwandikia jioni ile, wewe mwenye kunyoosha kidole kanisani? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko ninyi. Jibu moja ni aibu: nimeshasema mambo ni mazuri, sasa niandike kwamba ni mabaya, nionekane mtu wa namna gani? Jibu la pili ni woga, na hili nalisema wazi kwa sababu sikuwahi kulikiri hata kwangu mwenyewe. Mkataba wetu ulikuwa unakaribia kwisha. Kambini nilijifunza kwamba anayelalamika jina lake linaandikwa, na likishaandikwa, siku ya orodha ya jambo lolote zuri linarukwa. Huku si kambini, najua, karatasi ya semina ilisema hivyo hivyo, lakini tumbo langu halijasoma ile karatasi.

Esperansi akarudi kutoka kazini, viatu mkononi, akauliza kabla hajakaa, "Ulimwambia?"

Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo nilipofanya uamuzi. Kile cha mlangoni kilikuwa bahati mbaya, hiki nilikichagua. Nikasema, "Nilimwambia. Ataleta fundi."

Uongo mdogo, wa kulalia usiku mmoja. Nilisema kesho nitaandika, uongo utageuka kweli, hakuna atakayejua. Kesho yake nikachelewa kazini, keshokutwa nikasahau, siku ya nne nikaanza kuandika nikafuta, kwa sababu kila nilivyoianza ile barua pepe ilinilazimu kueleza kwa nini siku ya ukaguzi sikusema. Wiki ikaisha. Esperansi akauliza, nikasema fundi ana kazi nyingi msimu huu. Wiki ya pili nikasema kuna kipuri kinaagizwa kutoka nje. (Kipuri! Sijui hata kiyoyozi kina vipuri gani ndani, lakini nilikieleza kipuri hicho hadi rangi yake.) Gloria akaniuliza, "But Daddy, is he a real man?", yaani huyo fundi ni mtu wa kweli, nikamwambia akacheze.

Na joto likapanda. Mnalijua la huku magharibi, mjini kwenye bahari wana upepo wao, sisi huku hewa inasimama tu. Tukanunua feni ya pili. Siku mbaya Esperansi akiwa hana zamu alikuwa anamchukua mama yake kwa basi hadi kwenye jumba la maduka la Parramatta, wanakaa pale penye meza za chakula tangu saa nne hadi saa kumi na moja jioni, wakinywa ubaridi wa bure, lakini magoti ya mama ni mabovu na zile ngazi za ghorofa tatu zilikuwa zinamtoa machozi, kwa hiyo siku nyingi alibaki. Nami nikiwa nyumbani ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mkwe akiwepo mama hawezi kukaa na kigauni chepesi. Alijifunga kitenge juu ya kitenge, na kilemba kichwani, na kisweta, akakaa wima kwenye kiti chake jasho likimtiririka shingoni. Nilikuwa namuona. Nilikuwa naingia chumbani kwetu nikijidai nimelala, ili avue angalau kile kisweta, na nikitoka namkuta amekirudisha.

Kazini kwangu kila mzee ana karatasi yake, tunaandika amekunywa maji glasi ngapi, amekwenda chooni mara ngapi, na siku ya joto tunaandika mara mbili zaidi. Nilikuwa nawaandikia wazee wa watu, naweka sahihi, narudi nyumbani.

Wenzetu wa kanisani wakaanza kuukasirikia ule uongo wangu kwa niaba yangu. Tuna ibada ya Jumamosi inayozunguka nyumba kwa nyumba, na mwenyekiti wake ni Mama Noela, Mkongomani wa Uvira, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Kila akiniona, "Wakili, ule fundi alikuya?" Namwambia bado. Anatikisa kichwa, "Wanatuzarau, juu siye ni wageni." Nami natikisa kichwa pia, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kama mtu aliyeonewa.

Zamu ya nyumba yetu ikafika Jumamosi moja mwishoni mwa Desemba. Ningeweza kuomba tubadilishane na wengine, lakini nilikuwa nimeshatamka mbele ya watu kwamba safari hii fundi kaahidi, Alhamisi lazima, kwa hiyo ibada mtaifanyia kwenye baridi. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Jumamosi redio ikatangaza joto la zaidi ya nyuzi arobaini na kuwaomba watu wawaangalie wazee wao, na mimi nikaizima ile redio.

Walikuja watu kumi na wanane, nimewahesabu mara nyingi tangu siku ile. Walijaa ukumbini, kwenye viti, kwenye sakafu, hadi jikoni, feni mbili zikigawa joto lile lile huku na huku. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo zake za wageni, kilemba kipya, vitenge viwili vya sare, kwa sababu yeye ndiye mama wa nyumba na wageni ni wake. Alimsalimia kila mmoja kwa mikono miwili. Tukaimba wimbo mmoja, tukaomba, na wakati wa kushukuru mtu akashukuru kwa upepo ambao haukuwepo, watu wakacheka kidogo, na hapo Mama Noela akasimama.

"Hapana," akasema. "Mie nimechoka. Baba Gloria, lete namba ya ule agent. Leo ataniambia vizuri juu ya nini wanatesa mukubwa wetu."

Nikamwambia leo Jumamosi, ofisi imefungwa. Esperansi akasema, bila hila yoyote, Jumamosi si ndiyo siku wanayoonyesha watu nyumba? Namba hii hapa kwenye friji. Na akaisoma, tarakimu moja moja. Nikasema wacha nipige mimi, nitoke nje kidogo penye mtandao mzuri. Mama Noela akasema, "Hapana, weka sote tusikie," na simu yake ilikuwa imeshaanza kuita, ipo kwenye spika, ameiinua juu mbele ya watu kama anatuonyesha kitu cha kuuza.

Nilimuomba Mungu asipokee. Akapokea mlio wa pili.

Mama Noela akajieleza kwa Kiingereza chake cha nguvu, akataja anwani, akasema wiki sita tumeomba fundi, wiki sita, na humu kuna mama mzee, na sheria tunaijua, huyu ndugu yetu ametufundisha. Melissa akamwomba asubiri kidogo. Tukasikia vidole vyake vikigonga kompyuta. Kisha akasema, taratibu, bila ukali wowote (laiti angefoka!), kwamba samahani sana, haoni taarifa yoyote kuhusu kiyoyozi, si barua pepe, si simu. Alichonacho ni maelezo ya siku ya ukaguzi, na mpangaji mwenyewe alisema "all good". Akasoma na tarehe. Halafu akaongeza, sauti imebadilika, "Yule mama aliyenisalimia yumo humo? Ningejua, ningetuma fundi siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba hana matatizo na mambo haya, mpangaji alitakiwa kuniambia tu."

Wasiojua Kiingereza waliwauliza wanaojua, nikasikia tafsiri ikitembea ukumbini kutoka mdomo hadi sikio, kutoka kwenye viti hadi kwenye sakafu hadi jikoni, na kila ilipofika uso ukainuka kunitazama. Nilitamani wanitukane. Mama Noela aliishusha ile simu polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliongea kwa sauti ndogo, "Wakili, hukuandika?"

Esperansi alinitazama tu, nami nikaanza kueleza, nikasema unajua siku ile nilikuwa nataka kusema, nilikuwa nangoja aniulize tena, na nilivyokuwa nasema hivyo nilijisikia jinsi nilivyo mpuuzi, na sijui ningeendelea kujieleza hadi lini kama kitambaa cha mama mkwe kisingeanguka chini. Aliinama kukiokota, na hakuinuka. Aliteleza kutoka kwenye kiti chake, taratibu, kama mtu anayekaa, kichwa kikaegemea kioo cha baraza, na nilipomgusa mkono (nilimgusa, ndiyo, mara ya kwanza maishani) ulikuwa mkavu na wa moto. Jasho lilikuwa limekwisha. Kazini wametufundisha maana yake: joto limeushinda mwili.

Tukapiga sifuri tatu, namba ya dharura ya huku. Wanaume wakatoka nje kwenye ngazi, wanawake wakampepea, Mama Noela akashuka kushikilia geti. Wahudumu wa ambulensi walifika upesi, wawili, na aliyepiga magoti mbele ya mama alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka. Akauliza nani anatafsiri. Watu wote wakanitazama, Wakili wao.

Akasema, muulize anajisikiaje. Nikamuuliza. Mama mkwe akafungua macho nusu, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Nzuri tu. Nawashukuru kuja. Wao hawajambo?" Na mimi, Mungu ni shahidi yangu, nikageuka kwa yule mhudumu nikatafsiri: anasema ni mzima, anawasalimu.

"Acha salamu!" Esperansi alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Waambie hali yake! Anakufa, wewe unapeleka salamu!" Akakimbilia chumbani kutafuta dawa za presha za mama yake.

Yule mhudumu hakuwa na muda wetu. Akauliza, mara ya mwisho amekojoa lini? Pale walikuwepo wanawake saba. Ningeweza kumwambia yeyote kati yao aulize, nikageuza uso. Lakini mdomo wangu ulikuwa umelizoea swali lile, naliuliza kila siku kazini, ukatangulia. Nikamuuliza mama mkwe wangu. Hakusikia, nikainama sikioni kwake, nikarudia kwa sauti, na mlango wa ngazi ulikuwa wazi, wanaume wote walisikia.

Alivuta ncha ya kitenge akajifunika uso. Chini ya kile kitenge akajibu, "Tangu jana asubuhi, Baba Gloria."

Nikatafsiri. Wale wawili wakatazamana, wakaanza kufanya kila kitu kwa haraka zaidi, wakafungua blauzi yake kumbandika nyaya zao kifuani, nami nikageukia ukuta. Nilisimama uso kwa uso na kile kiyoyozi, na nililia mbele ya watu, sikujificha.

Alilala hospitali siku nne. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, wakasema, lakini amewahiwa. Fundi alikuja kesho yake, Jumapili asubuhi, kwa sababu jioni ile nilimwandikia Melissa mistari minne, na jibu lake lilifika kabla sijaweka simu mezani. Fundi mwenyewe mzee mmoja mchangamfu, alipanda ngazi yake, akafungua mfuniko, akabadilisha kitu kidogo cha kukaa kiganjani, akazibua na bomba la maji. Alitumia muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharage. Hakuna aliyeniandika jina, hakuna aliyetajataja mkataba. Akaniuliza, kwa nini mlikaa hivi hivi msimu mzima? Alipoondoka, ule ubaridi ukajaa ukumbini, viti bado vimepangwa vya ibada, na sikuweza kuuvumilia, nikazima, nikaenda hospitali.

Esperansi alikuwa amesimama nje ya wodi, akaniambia nimsubirie mama, yeye anakwenda kunywa chai. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu jana. Nikakaa upande wa pili wa pazia, kama inavyopasa. Baada ya muda nikamsikia mama mkwe, "Baba Gloria, ni wewe? Ingia."

Nikaingia, macho chini. Nikaanza kuomba radhi, nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, na akanikatiza.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Siku ile binti alipokuja. Kiingereza sikijui, lakini mtu akiambiwa kitu kimeharibika si anakitazama? Yule binti hakukitazama hata kidogo. Nikajua hukumwambia. Jioni nikakusikia unamwambia Esperansi ulimwambia."

"Mama," nikasema, "kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mume wake anamdanganya? Angekudharau, na nyumba ikishaingia dharau mimi mgeni ndani yake nitakaa wapi? Nikasema kiangazi kitakwisha."

Wiki sita. Kila siku niliyomtungia Esperansi fundi na kipuri, mama alikuwa kwenye kiti chake, anashona, anajua. Alijifunga vile vitenge viwili na ile siri yangu juu yake, na ni siri iliyotaka kumuua.

Nimekwisha kusimama kanisani nikayasema haya yote, na jina la Wakili nimewarudishia. Nimewaambia mtu mwenye daftari mkononi akiwauliza nyumba ikoje, hajawaamkia, amewauliza. Mtajieni kilichoharibika kwanza, salamu mtazikuta. Lakini kiapo sikuapa kanisani. Nilikiapa pale pale kando ya kitanda, kwamba mama hatabeba tena uongo wangu, mdogo wala mkubwa, na nilipokuwa naapa niliinua macho nikamtazama mama mkwe wangu usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake, na yeye hakuugeuza uso wake.